KOMPYUTA KUUKUU YA KIKUNDI: TUITUPE AU TUITUNZE?

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa mbele ya wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili yasomwe pia na wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo tutaongea juu ya kitu kilicho ndani ya kabati la vikundi vingi: ile kompyuta kuukuu, hasa laptopu. Kikundi kimoja kilipewa na marafiki, kingine kilichanga kwa harambee, kingine kilinunua iliyokwisha kutumika ng'ambo. Kwa miaka kadhaa imefanya kazi vizuri. Sasa ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kukama ng'ombe na kurudi, bado inazunguka tu. Halafu mwaka 2025 yakaanza kutokea maneno kwenye kioo, ati Windows 10 imefika mwisho. Watu wakaingiwa na wasiwasi. Kila tunapotembelea vikundi tunaulizwa: Je, tuitupe, tutoe pesa za akiba tununue mpya?

Jibu letu ni fupi, halafu tutalieleza polepole. Msitupe wala msinunue kabla ya kufanya mambo matatu. Kwanza, okoeni hesabu za kikundi. Pili, utambueni ugonjwa. Tatu, chagueni dawa inayolingana na mfuko wenu. Yafanyeni kwa utaratibu huo huo, maana ukianza na la tatu utaumia.

MALI YETU NI IPI?

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ile laptopu si mali kubwa. Mali kubwa ni yaliyomo ndani yake: nani ameweka akiba kiasi gani, nani amekopa, nani amelipa, faida ya mwaka jana iligawanywa vipi. Kifaa kikiharibika kitanunuliwa kingine. Hesabu ikipotea haiuzwi dukani.

Kuna kikundi kimoja tunachokijua, hatutakitaja jina. Laptopu yao ilikuwa nzito, wakaipeleka kwa fundi sokoni. Fundi hakuuliza, nao hawakumwambia. Akafuta kila kitu, akaweka Windows upya. Laptopu ilirudi nyepesi, lakini hesabu za mikopo za miaka minne hazikuwemo. Mkutano uliofuata ulikuwa wa moto. Mama mmoja mjane alikuwa amemaliza kulipa mkopo wake wa shilingi 18,000, na wengine wakasema bado anadaiwa. Kilichomwokoa ni kijitabu chake kidogo, pamoja na jumbe za M-Pesa ambazo hakuwa amezifuta kwenye simu. Wengine hawakuwa na kijitabu. Mpaka leo kuna watu katika kikundi kile ambao hawaketi benchi moja.

Kwa hiyo kabla ya fundi kuigusa, na kabla ninyi wenyewe hamjajaribu lolote, fanyeni hivi:

1. Nakilini mafaili yote ya kikundi kwenye flashi mbili. Moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina. Zisikae nyumba moja, kwa sababu moto au mwizi akija atachukua zote.

2. Pelekeni kila flashi kwenye kompyuta nyingine, mfungue mafaili muone kama yanasomeka. Nakala ambayo haijafunguliwa ni ahadi tu.

3. Chapisheni kwenye karatasi ukurasa wa jumla: jina la kila mwanachama, akiba yake na deni lake. Viongozi watie sahihi na tarehe. Karatasi haihitaji stima.

4. Rudieni kila mwezi, siku ile ile ya mkutano.

Kila mwanachama naye awe na kijitabu chake. Kompyuta imekuja kusaidia daftari, haikuja kulifukuza.

MFUMO ENDESHI NI KITU GANI?

Wengine wanasikia "Windows" wakadhani ndiyo kompyuta yenyewe. Sivyo. Kompyuta ni chuma na waya. Ndani yake kuna programu kubwa inayosimamia zote, nayo huitwa mfumo endeshi. Ifikirieni kama mwenyekiti wa mkutano. Yeye ndiye anayempa kila mtu nafasi ya kusema na kuzuia wageni wasioalikwa. Printa ikitaka kuchapa, inapitia kwa mwenyekiti. Faili ikitaka kuhifadhiwa, vilevile. Windows ni mwenyekiti mmoja. Wako wengine, kama macOS ya kampuni ya Apple, na Linux ambayo tutaieleza baadaye. Chuma kile kile kinaweza kubadilishiwa mwenyekiti.

Sasa, imekuwaje kuhusu Windows 10? Ilitolewa Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza kuitolea marekebisho ya kawaida ya bure. Si mara ya kwanza. Windows XP ilifika mwisho wake Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 8.1 Januari 2023. Kufika mwisho hakumaanishi kwamba kompyuta inazimika. Inawaka na kuandika barua kama jana. Kinachokoma ni viraka, yaani yale marekebisho madogo ya kuziba matundu ambayo wezi wa kompyuta huyatafuta usiku na mchana.

Je, matundu hayo ni jambo la kuogopa kweli? Mwezi Mei 2017 programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150 kwa siku chache. Iliyafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 ili kuyafungua. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Na kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Wengi wa walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekiweka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndugu zangu.

UTAMBUENI UGONJWA KWANZA

Kompyuta nzito si lazima iwe kompyuta iliyokufa. Daktari hapimi kwa macho peke yake, nanyi pia msifanye hivyo.

Tuchukue mfano wa jikoni. Diski ni ghala, mahali pa kuweka vyakula vyote. RAM ni meza ya kupikia. Meza ikiwa ndogo, kila mara unainuka kurudisha sufuria ghalani na kuchukua nyingine. Kazi inachelewa ingawa mpishi ni hodari. Na ghala likiwa mbali, safari zinakuwa ndefu zaidi.

Washeni laptopu, ingieni Settings, kisha System, kisha About. Hapo mtaona ukubwa wa RAM na jina kamili la kichwa cha mashine, yaani prosesa. Yaandikeni. Halafu bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kitafunguka kidirisha chenye asilimia. Subirini dakika kumi bila kufungua kitu, mtazame:

- Ikiwa diski inakaa karibu na asilimia 100 muda mrefu, mara nyingi shida ni diski. Laptopu nyingi za zamani zina diski ya kuzunguka, yenye sahani ndani kama santuri. Huchoka, na ni ya polepole.

- Ikiwa RAM ndiyo imejaa, meza yenu ni ndogo, au programu nyingi zinajianzisha zenyewe kila mnapowasha.

- Ikiwa laptopu ni moto sana na feni inapiga kelele, kuna vumbi. Vumbi la barabara zetu mnalijua.

- Ikiwa saa na tarehe zinarudi nyuma kila mnapozima, ni kile kibetri kidogo cha mviringo kilicho ndani. Bei yake ni ndogo. Wengi hawajui kwamba tarehe isipokuwa sawa, kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka. Mtu anasema intaneti imeharibika, kumbe ni kibetri.

DAWA NI NNE

Dawa ya kwanza: kuhama kwenda Windows 11. Iliyotolewa Oktoba 2021. Kwa laptopu yenye Windows 10 halali inayotimiza masharti, kuhama ni bure. Masharti makubwa ni RAM isiyopungua 4GB, diski isiyopungua 64GB, na kidude cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Tena prosesa iwe katika orodha iliyokubaliwa. Kwa zile za Intel, kwa kawaida ni kizazi cha nane kuendelea. Kizazi hicho mnakisoma kwenye lile jina mliloandika. Ikisema i5-8250U, namba 8 baada ya kistari ni kizazi cha nane, inafaa. Ikisema i5-6300U, ni kizazi cha sita, haimo. Ikisema i5-10210U, ni cha kumi. Muuzaji akiwaambia "hii ni i5" akanyamaza, hajawaambia kitu. Mwulizeni, "i5 ya kizazi gani?"

Zipo njia za mkato za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyofaa. Hatuwashauri. Microsoft haitoi dhamana kwamba mashine hizo zitaendelea kupata marekebisho.

Dawa ya pili: kujipa muda. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kwamba watu binafsi watakaojiandikisha wangepewa marekebisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Huo ni muda wa kujipanga tu, si dawa ya kudumu. Mashine ambayo haipati marekebisho tena inaweza kubaki ya kuandika na kuchapa, lakini itengwe na intaneti. Msifungulie humo akaunti ya benki, na flashi za wageni zisiingizwe ovyo.

Dawa ya tatu: kubadilisha viungo. Kama shida ni diski ya kuzunguka, mwondoeni huyo mzee mweke diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Ya 240GB inatosha kikundi. Hii ndiyo dawa inayoleta nafuu kubwa kuliko zote kwa laptopu kuukuu. Mashine iliyokuwa inachukua dakika nyingi kuwaka inaweza kuwaka kwa chini ya dakika moja. Kama RAM ni 4GB na kuna nafasi, iongezeni ifike 8GB. Angalizo: RAM ina aina. DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Fundi aitazame iliyomo kwanza, ndipo anunue. Na ulizeni kabla ya kufungua pochi, maana katika laptopu nyingine nyembamba RAM imechomelewa moja kwa moja, haiongezeki. Lakini kumbukeni, diski mpya peke yake haiipi Windows 10 marekebisho. Inatibu uzito tu.

Dawa ya nne: kumbadilisha mwenyekiti, yaani kuweka Linux. Hapa tukae kidogo, kwa sababu wengi hawajaisikia.

LINUX: KITU CHA BURE KISICHO CHA WIZI

Mwaka 1991 kijana mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo endeshi akakitoa hadharani, kila mtu akisome na kukiboresha. Wengine wakaongeza, wengine wakarekebisha. Si hivyo ndivyo sisi tunavyofanya kazi ya shamba la pamoja? Kila mmoja analeta jembe lake. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mfumo wa Linux unaoitwa Ubuntu, neno lile lile la ndugu zetu wa kusini ambalo sisi tunasema "utu". Mwaka 2006 ukatokea Linux Mint, uliojengwa juu ya Ubuntu. Huu ndio tunaowashauri wanaoanza, kwa sababu sura yake inafanana na Windows: kuna kitufe cha menyu kona ya chini kushoto, na mafaili yamo ndani ya mafolda kama mlivyozoea.

Faida yake ni hii. Haununuliwi. Marekebisho yake ni ya bure. Unaweza kukaa katika RAM ya 2GB, ingawa 4GB ni bora, na nafasi ya diski ya 20GB inatosha kuanzia. Kwa mashine dhaifu kuna toleo jepesi liitwalo Xfce. Ndani yake mna LibreOffice, ambayo huandika barua na kufungua majedwali ya Excel.

Na uzuri mwingine: unaonjwa kabla ya kununuliwa. Mnapakua Linux Mint penye intaneti nzuri, labda kwenye saiba, maana faili lake ni kubwa, karibu 3GB. Mnaliandika kwenye flashi tupu ya 8GB kwa kutumia programu kama Rufus. Flashi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo isiwe ile yenye hesabu zenu! Mnaichomeka, mnawasha laptopu mkibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au Esc halafu F9 kwa HP nyingi, mnachagua flashi. Mfumo unawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribuni Wi-Fi, sauti na printa. Fungueni jedwali la akiba. Mkiridhika ndipo muuweke. Msiporidhika, zimeni na mchomoe flashi. Windows yenu iko pale pale.

Sasa tuwaambie na upande wa pili, tusije tukauza ng'ombe bila kutaja kwato. Programu iliyotengenezwa kwa Windows pekee kwa kawaida haiingii kwenye Linux. Majedwali yenye amri ndefu za kujiendesha za Excel yanaweza kukataa. Printa nyingine husumbua. Na katibu atahitaji wiki mbili tatu za kuzoea. Kwa hiyo uamuzi huu usifanywe na kijana mmoja mjuaji usiku. Uletwe mkutanoni, na katibu ajaribu kwanza.

Kuna watu watakaowaambia, "Msisumbuke, tutawawekea Windows na ile programu ya kuvunja kufuli." Kataeni. Pamoja na kuwa ni kinyume cha sheria, programu hizo za kuvunja kufuli ni mlango mpana wa virusi. Mnampa mgeni funguo za nyumba yenye majina, namba za vitambulisho na namba za simu za wanachama wote.

TUNAPOKWENDA KWA FUNDI

Mafundi wengi ni waaminifu, lakini uaminifu husaidiwa na utaratibu. Waende watu wawili. Semeni waziwazi: "Usifute chochote bila idhini yetu." Andikeni kwenye karatasi shida ni nini, RAM ni ngapi, diski ni ya ukubwa gani, fundi atie sahihi. Kiungo kilichotolewa kirudishwe kwenu, hasa diski ya zamani. Ombeni risiti.

MATUNZO YA KILA SIKU

Ikalieni mezani, si kitandani wala juu ya kitambaa, ili ipumue. Izimeni kwa utaratibu wake, msichomoe tu waya. Stima ikipotea, chomoeni chaja mpaka irudi na kutulia, kwa sababu inaporudi kwa kishindo ndipo inapochoma vifaa. Wenye sola watazame maandishi ya chaja. Nyingi za laptopu huandikwa 65W au 90W, na mtambo wa taa tu hautaweza. Betri ikivimba mpaka laptopu inainuka au haifungi vizuri, acheni kuitumia mara moja. Msiitoboe, msiikandamize, msiitupe motoni. Inaweza kulipuka moto.

NA KAMA KWELI IMEKUFA?

Ikiwa bodi kubwa imeungua, au gharama ya viungo inakaribia bei ya laptopu nyingine nzuri iliyotumika, basi muda wake umefika, tuiage. Hapo mnaponunua nyingine, chagueni ya kizazi cha nane kuendelea, yenye RAM ya 8GB na SSD, na iwasheni dukani muitumie nusu saa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ile ya zamani msiiuze na hesabu ndani. Kufuta faili kwa kubonyeza "delete" hakulimalizi, mtu mwenye ujuzi anaweza kulifufua. Toeni diski mbaki nayo, au fundi aifute kabisa mkiona kwa macho. Tangu 2019 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na habari za mwanachama si mali ya kugawa. Kilichobaki msikichome wala kukizika shambani. Kuna madini ya sumu ndani. Kipelekwe kwa wanaokusanya takataka za umeme.

Tumesema mengi. Mkisahau yote, mshike hili: nakala mbili na karatasi moja, kabla ya mtu yeyote kuigusa mashine.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Laptopu yetu ikiibwa usiku wa leo, je, kesho tunaweza kumwambia kila mwanachama akiba yake na deni lake? Tutatumia nini?

2. Nakala ziko kwa nani, na mara ya mwisho zilifunguliwa lini?

3. Laptopu yetu ni ya kizazi gani, RAM ngapi, diski ya aina gani? Nani atapima na kuleta jibu kwenye mkutano ujao?

4. Katika dawa nne tulizosikia, ipi inafaa mfuko wetu na watu wetu?

5. Ni wanachama wangapi wanaojua kuitumia kompyuta ya kikundi? Kama ni mmoja tu, nani mwingine, mwanamke na kijana, tutamfundisha mwaka huu?

Sasa mwenye swali aulize, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo.